Miaka 51, sina mtu, nataka kuhama Texas. Mji gani unampokea shoga wa rika langu?

Mtanga wa Mbali (mtoa mada)

Wakuu salaam. Mimi ni msomaji wa kimya humu, leo nimejikakamua kuandika. Ni Mtanzania, mzaliwa wa Tanga, muuguzi kwenye kliniki ya kusafisha damu za wagonjwa wa figo, naishi kitongoji kimoja kaskazini mwa Dallas. Na ni shoga. Nimelitanguliza hilo ili asiyetaka mada apite mapema, asiunguze bando lake.

Sikimbii kesi wala deni. Uraia ninao, kazi ipo, gari limeshalipwa. Niliwahi kuoa, tukaachana kwa heshima, watoto hatukujaliwa. Ninachotafuta ni mji wa kuzeekea, mtu mmoja, kwa mshahara mmoja.

Najua mtaniuliza mbona Dallas yenyewe ina mtaa wa mashoga, Oak Lawn, na barabara ya Cedar Springs yote ni bendera za upinde wa mvua. Nimekwenda sana. Muziki mzuri, watu wazuri, na kila kijana ananiita baba, wengine kwa heshima, wengine kwa maana nyingine. Halafu kuna jimbo lenyewe. Sheria ya kuwatia hatiani mashoga ilivunjwa nguvu na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2003, tena kwa kesi iliyotoka humu humu Texas, lakini wabunge mpaka leo hawajaifuta vitabuni. Imening'inia tu kama panga juu ya mlango.

Kubwa zaidi ni watu wetu. Dallas Waswahili tumejaa: Watanzania, Wakenya, Wakongo. Nawapenda, nao wananipenda, ila wananipenda nusu. Majuzi tulikuwa kwenye kikao cha msiba, ndani ya gereji ya mtu, viti vya plastiki, pilau kwenye trei za bati. Mimi ndiye mweka hazina wa michango, daftari mkononi. Mama mmoja akanishika kiwiko: "Mwanangu, hela za watu unazihesabu vizuri. Sasa wewe utazikwa na nani?" Watu wakacheka. Nikacheka nao, nikaandika jina lililofuata, dola hamsini.

Sasa nataka mji ambao mtu mweusi wa miaka hamsini na kitu, mwenye kitambi cha wastani, haonekani kioja kwenye mtaa wa mashoga. Pia nataka Kiswahili kiwe karibu, lakini kisiwe mlango wa pili. Kodi ya nyumba iwe ya kibinadamu. Daktari asishtuke nikimjibu ukweli. Nimewaza Palm Springs (California), Wilton Manors (Florida), Atlanta (Georgia), Chicago (Illinois), Philadelphia (Pennsylvania) na Minneapolis (Minnesota). Nje ya Marekani sitaki, makaratasi nimeyafanya mara moja maishani inatosha. Na msinishauri kurudi nyumbani. Kule kifungo kinaanzia miaka 30 hadi maisha.

Nawasilisha.

Jicho la Tatu

Mzee mzima hovyo. Rudi nyumbani uombewe.

Mtanga wa Mbali

Nimeshaombewa mkuu, tena kwa mafuta na maji. Tuendelee.

Nawa wa Lowell

Shikamoo kaka. Mimi ni muuguzi mwenzio, niko Massachusetts. Swali moja kabla ya yote: unatafuta mji au unatafuta mume? Maana majibu yake hayafanani. Ukitafuta mume, nenda walikojaa wanaume wa rika lako, hata kama ni jangwani. Ukitafuta mji, anza na mambo ya kuchosha.

La kwanza la kuchosha ni leseni. Texas imo kwenye ule mkataba wa majimbo wa leseni za uuguzi. Ukiwa na leseni ya majimbo mengi, Georgia, Florida na Pennsylvania unaingia kazini bila kuomba upya, na ukihamia rasmi una siku 60 za kuomba ya huko. Pennsylvania ilikuwa inasuasua, lakini tangu Julai 2025 imekamilisha. California, Illinois na Minnesota hazimo. Huko unaanza na fomu, alama za vidole, na kusubiri barua.

Mtanga wa Mbali

Marahaba dada, umenibana. Natafuta mji. Mume akija na mji simfukuzi, lakini nimeona watu wamehama mikoa mitatu wakifuata mapenzi, kila wanakofika wanajikuta wao wale wale.

Mkaa Jangwani

Palm Springs nimeishi, niseme kidogo. Kama unataka kuwa kijana tena, hamia kule. Ukiwa na miaka 51 wewe ndiye mtoto wa mtaa. Mwaka 2017 walichagua baraza la mji ambalo madiwani wote walikuwa watu wa jamii yetu, na wala haikuwa habari kubwa kwa wenyeji. Kuna kliniki, DAP Health, iliyoanza mwaka 1984 wakati watu wanakufa na UKIMWI kama nzige. Wazee walionusurika enzi zile ndio wanaoendesha mji. Daktari kumwambia wewe ni shoga kule ni sawa na kumwambia una macho mawili.

Lakini joto. Tarehe 5 Julai 2024 ilifika nyuzi 51 za Selsiasi. Tanga ina joto la kufua nguo, lile ni la kuoka. Na weusi tuko wachache. Kuna sehemu inaitwa Section 14, ardhi ya kabila la Agua Caliente katikati ya mji. Miaka ya 1950 na 1960 walikuwa wakiishi hapo weusi na Walatino, wafanyakazi wa mahoteli, na nyumba zao zilivunjwa na kuchomwa moto ili mji upendeze. Baraza liliomba radhi rasmi mwaka 2021, na Novemba 2024 likakubali kuwalipa familia hizo dola milioni 5.9. Sikatai, wameomba radhi, wengi hata hilo hawafanyi. Ila nilipokuwa nakaa kwenye bwawa la kuogelea na glasi mkononi, mweusi peke yangu kati ya watu thelathini, nilikuwa nalifikiria hilo.

Msee wa Marietta

Atlanta basi! Weusi wenzako mashoga ni kwa maelfu. Wikendi ya Labor Day, sikukuu ya wafanyakazi ya huku, kuna Black Pride yao, sherehe ya mashoga weusi, watu wanatoka nchi nzima, hoteli hazishikiki. Hutakuwa kioja hata kidogo. Kodi bado inavumilika ukitoka nje kidogo ya mji. Jimbo la Georgia halina sheria yake ya kumlinda shoga kwenye nyumba za kupanga, jiji la Atlanta lina yake, kwa hiyo ukivuka mpaka wa jiji uliza kwanza kama unakohamia kuna ulinzi. Na Wakenya wamejaa Marietta, nyama choma kila Jumamosi.

Mtanga wa Mbali

Ndiyo tatizo lenyewe mkuu. Atlanta nina binamu wawili na mchungaji aliyembatiza marehemu mama yangu. Nikienda baa Ijumaa, Jumapili habari iko Tanga kabla ya misa ya kwanza.

Msee wa Marietta

Hahaha. Hapo sina la kusema.

Nawa wa Lowell

Wilton Manors hakuna aliyeisemea? Kamji ka watu kama elfu kumi na moja pembeni ya Fort Lauderdale, na Wilton Drive yote ni ya wenzako, wengi watu wazima. Rafiki yangu amehama kule mwaka jana kwa sababu ya bima ya nyumba. Aprili 2023 Fort Lauderdale ilipata mvua ya zaidi ya sentimita 60 kwa siku moja, uwanja wa ndege ukafungwa. Mtu wa mshahara mmoja siwezi kumpeleka huko, na siasa za jimbo ndio hizo mnazoziona.

Chicago nayo ni nzuri. Kuna Center on Halsted, kituo cha jamii yenu, na pembeni yake jengo la wazee lenye vyumba 79, sehemu yake ni kituo cha zamani cha polisi ambako mashoga walikuwa wakilazwa rumande. Napenda sana hiyo. Ila kwa kodi za mtaa ule, wewe na mshahara wako mtabaki kuangaliana.

Kipepeo Mzee

Assalaam aleikum mdogo wangu. Mimi ni mtu wa Unguja, nina miaka 63, Philadelphia nimekaa tangu wewe hujaanza kunyoa. Nitakupa uzuri na ubaya.

Mji huu haukuanza jana. Tarehe 4 Julai 1965, miaka minne kabla ya Stonewall, yale machafuko ya mashoga na polisi New York, watu wachache walisimama na mabango mbele ya Independence Hall, ukumbi ulikotangaziwa uhuru wa nchi hii, wanaume wamevaa suti na tai, wanawake magauni, wakizunguka kimya kudai kuwa na wao ni raia. Walirudi kila mwaka mpaka 1969. Mimi naona tabia ile imebaki. Mashoga wa huku ni watu wa vikao na kamati na kumbukumbu za mkutano. Wewe mweka hazina hutapata shida.

Mtaa wenyewe uko katikati ya mji, na vibao vya majina ya barabara vina upinde wa mvua tangu 2007. Kwa miguu unaumaliza robo saa. Kuna kituo cha mashoga cha William Way chenye maktaba na vikundi vya kila namna, watu wazima wengi kuliko watoto. Kliniki ya Mazzoni ipo tangu 1979. Mtaa wa 13 kuna John C. Anderson Apartments, vyumba 56, ilifunguliwa 2014 kwa wenye kipato kidogo wa miaka 62 kwenda juu. Wewe bado, na mshahara wako umezidi. Lakini kupita pale jioni ukaona wazee wawili wanabishania mpira kwenye benchi, mmoja na fimbo, mwingine na kucha zimepakwa rangi, kunakupunguzia woga fulani.

Sasa ubaya. Weusi tulikuwa tunarudishwa milangoni mwa baa kwa visingizio vya viatu na kofia. Kelele zilipozidi, mwaka 2017 tume ya haki ya jiji iliwaagiza wenye baa waende mafunzo, na Juni ya mwaka huo huo jiji likapandisha bendera ya upinde wa mvua iliyoongezwa mlia mweusi na wa kahawia. Weupe wengine walinuna kana kwamba wamenyang'anywa shamba. Leo afadhali. Pia jiji linakata kodi yake kwenye mshahara, karibu asilimia 3.7, na wewe wa Texas hujazoea kukatwa hata ya jimbo. Jiandae kisaikolojia.

Na sasa lile lililonifanya niandike. Mwaka jana nilipimwa utumbo kwa kamera, kile kipimo cha baada ya miaka 45, na wewe muuguzi unakijua. Wakishakupa dawa ya usingizi hawakuachii uondoke peke yako, na dereva wa teksi hawamtaki. Binti wa mapokezi akaniuliza nani anakuja kunichukua. Nikamtaja jirani mmoja ninayekula naye kifungua kinywa kila Jumamosi na wenzetu wengine. Alikuja na kofia yangu ya sufu mkononi, niliisahau kwake wiki iliyotangulia, akanivalisha yeye mwenyewe maana mikono yangu ilikuwa bado mizito. Si mpenzi wangu, hajawahi kuwa. Mimi mji naupima kwa ile fomu: ukikaa mwaka mmoja, una jina la kuandika au huna?

Nawa wa Lowell

Babu umenitoa machozi kazini. Naongeza moja: popote utakapokwenda, andika hati ya kumpa mtu mamlaka ya kukuamulia matibabu. Ukilazwa hujitambui na hujamtaja mtu, watatafuta ndugu wa damu. Watampigia kaka yako Tanga saa nane usiku, hajui unatumia dawa gani, hajui lolote, na yeye ndiye ataamua.

Mtanga wa Mbali

Shikamoo babu. Nimesoma mara mbili. Ile fomu mimi naiona kila siku kazini, upande wa pili wa meza. Kuna wagonjwa wangu wanaandika jina la kliniki yetu kwenye nafasi ya ndugu wa karibu. Sijawahi kuwauliza zaidi.

Swali: Waswahili huko wapo wapi?

Kipepeo Mzee

Marahaba. Mjini wachache. Woodland Avenue, kusini magharibi, imejaa watu wa Afrika Magharibi, Waliberia hasa, kwa hiyo samaki mkavu, mihogo na mawese hukosi. Wakenya utawakuta Delaware, treni ya mjini inafika mpaka Wilmington na Newark ya huko. Nikitaka kusikia Kiswahili napanda treni. Nikishachoka kuulizwa maswali napanda ya kurudi.

Bwana Theluji

Mkubwa, mbona Minneapolis mmeiruka kama shimo la barabara? Mimi ni wa Kisii, na sisi huku tumejaa, wenye wanajua wanajua. Nina miaka 48, naishi pekee yangu, na sijuti.

Kwanza sheria. Minnesota ilikataza kubagua mashoga kazini na kwenye nyumba za kupanga tangu 1993, wakati majimbo mengi hata hayajafikiria. Ndoa iliruhusiwa 2013, miaka miwili kabla ya nchi nzima. Kwa hivyo hapa hungoji jaji wa Washington aamke vizuri.

Pili, ile shida yako ya watu wetu. Wakenya wengi wako Brooklyn Park, kaskazini magharibi. Mimi nakaa kusini, karibu na Lake Street. Nikitaka ugali na managu ni dakika ishirini na tano kwa gari. Matanga naenda, mchango natoa, harusi nacheza. Kisha narudi kwangu na hakuna anayepita dirishani. Wengine wanajua, wengine wanajifanya hawajui, na hao wa kujifanya ndio wananipikia zaidi.

Halafu kuna nyumba Lake Street inaitwa Spirit on Lake. Ilifunguliwa 2013, vyumba 46, ya watu wa miaka 55 kwenda juu, ilijengwa kwa ajili ya wazee mashoga. Chini kuna Quatrefoil, maktaba ya mashoga, vitabu mpaka dari. Wenye kuhamia wakawa pia wazee wa Kisomali. Lifti moja: mama na jilbabu yake na mfuko wa canjeero, mzee na hereni yake na mbwa mdogo. Mama anamwogopa mbwa, mzee anambeba mbwa kifuani mpaka mama ashuke. Nimeyaona kwa macho yangu nikienda kurudisha kitabu. Sisemi wanapikiana chai. Nasema lifti inafika juu.

Baridi sikudanganyi. Kuna asubuhi za Januari ni nyuzi ishirini na kitu chini ya sifuri, pua inaganda ndani. Na jiji hili lina jeraha la 2020, George Floyd aliuawa mtaa wa Chicago na wa 38, si mbali na kwangu. Wewe ni mweusi, polisi wa hapa utawafikiria unavyowafikiria wa Dallas.

Kipepeo Mzee

Huyu wa Kisii anaongea vizuri, lakini nyuzi ishirini chini ya sifuri si mahali pa mtu wa Tanga.

Bwana Theluji

Mzee wangu, mtu wa Unguja kupasua barafu kwenye gari Philadelphia ni sawa? Tofauti ni ukubwa wa koleo tu.

Mkaa Jangwani

Ushauri kwa mtoa mada: usiende kuangalia mji wakati wa Pride. Juni kila mji una tabasamu. Nenda mwezi mbaya kuliko yote, Jumanne, mvua inanyesha. Nenda maktaba, nenda duka la dawa, kaa kwenye baa saa kumi na moja jioni bila simu mkononi. Palm Springs ningeiona Julai kwanza nisingenunua kitanda.

Nawa wa Lowell

Zaidi ya hapo, kaka, wewe ni muuguzi wa figo! Chukua mkataba wa kusafiri wa wiki 13. Wanakulipa na posho ya nyumba, unaishi kama mwenyeji, ukiona hapafai unarudi Dallas na nyumba yako bado ipo. Philadelphia unaweza kuanza hata mwezi ujao kwa leseni uliyo nayo. Minnesota omba leseni sasa hivi, ije wakati uko njiani.

Jicho la Tatu

Bado mnaendelea tu?

Msee wa Marietta

Na wewe bado unasoma tu?

Mtanga wa Mbali

Wakuu, nimekaa kimya siku kadhaa kwa sababu nilikuwa nafanya mlichosema. Wakala ameniletea mkataba wa Philadelphia, kliniki ya kusini mwa mji, kuanzia Januari mpaka mwanzo wa Aprili. Mwezi mbaya, kama Mkaa alivyoagiza. Zamu ya kwanza ni saa kumi na nusu alfajiri. Sijasaini bado, nasubiri kujua nitakaa wapi. Fomu za Minnesota pia nimezijaza, alama za vidole kesho kutwa.

Palm Springs nimeitoa. Atlanta nitakwenda kwa harusi za binamu. Daftari la michango nimemwambia mwenyekiti atafute mtu wa kulishika kwa muda, akauliza nimepata mchumba nini. Nikamwambia nimepata kazi.

Babu, nipange upande gani?

Kipepeo Mzee

Kwa zamu hiyo kuwa mwangalifu. Treni ya Broad Street haiendi usiku kucha, siku za kazi inapumzika na basi ndilo linashika zamu, na basi la saa kumi alfajiri mwezi Januari utalisubiri ukiimba. Kama huji na gari, panga South Philly uende kazini kwa miguu, nyumba za pale ni nyembamba na ngazi zake kali lakini kodi ni afadhali kuliko katikati ya mji. Usikubali chumba juu ya baa, hata ukipewa nusu bei. Ukifika niandikie kwenye ujumbe wa siri. Jumamosi tunakula saa tatu asubuhi, na kila mtu anajilipia.

Bwana Theluji

Wiki 13 za Philadelphia ni mazoezi tu. Februari ukipata wikendi ndefu, panda ndege uje uone baridi ya kweli. Kochi ninalo.

Mtanga wa Mbali

Nakuja. Buti za theluji mnanunua wapi? Mguu wangu ni saizi 13 na hapa Dallas muuza duka ameniangalia kama nimeulizia mtumbwi.